Njoo na Maji ya Asubuhi

Karatasi yetu ya kwanza nilikutana nayo Kibiti stendi, imefunga karanga.

Nilikuwa nimenunua za mia tano kwa Swaumu, tuliyesoma naye darasa moja kabla hajaolewa huku juu. Nilipokunjua kifurushi nikaona mnazi ninaoujua, ule mnazi wetu uliopinda, ulio nyuma ya nyumba ya mjomba kule Salale. Juu yake kulikuwa na maneno ya rangi ya dhahabu: KARIBUNI NYOTE KWENYE PEPO YA DUNIANI.

"Swaumu, hizi umezitoa wapi?"

"Si zenu? Ashrafu aliniachia rundo zima, eti nigawie abiria." Akacheka mpaka kikapu kikatikisika mapajani. "Basi nagawa, shoga. Kila anayenunua karanga anaondoka na pepo yake."

Sikukasirika. Karatasi ilikuwa nzito, haipitishi mafuta, kwa kazi ile inafaa kabisa. Ila karanga zilinishinda kumeza, kwa sababu karatasi ile ndiyo iliyokuwa imeshika riziki yangu.

Nyumba yetu ya wageni zamani ilikuwa ghala la mpunga. Mjomba Mshamu, ndugu wa mama yangu, alikuwa halitumii tena. Ashrafu mwanawe aliporudi kutoka Dar akamwambia, baba, hapa tukikata vyumba vitatu tutapata wageni wa kuja kutazama mikoko. Vikakatwa. Vikawekwa vitanda na vyandarua, na baraza ya mbao inayotazama maji. Mimi nikapewa jiko na usafi, na kuwatembeza wageni, kwa kuwa vijito vyote vya upande wetu navijua. Kabla ya hapo nilikuwa naamia ndege kwenye mpunga, alfajiri mpaka jua linazama, unapiga debe na kupiga makelele mpaka sauti inakauka, na wa kuzungumza naye huna isipokuwa hao hao ndege. Nimeishia darasa la saba. Kazi ya kukaa na watu, wakakuuliza jambo nawe ukawa unalijua, nilikuwa sijawahi kuipata.

Sasa mjomba alikuwa amechoka kungoja. Kuna mnunuzi wa kamba aliyeitaka ile nyumba aweke masanduku yake ya barafu, na mjomba alishampa nusu ya ahadi. "Mwezi wa Ramadhani ukiandama sijaona wageni wa maana," alisema mbele yetu sote, "nampa funguo. Wewe Sihaba utarudi shamba, hakuna ubaya." Ilikuwa imebaki miezi miwili.

Mpaka hapo tulikuwa tumepata wageni wawili tu, mtu na mkewe, kutoka Dar. Walikuja na ile karatasi mkononi. Wakateremka gati la Nyamisati saa nne asubuhi, mwezi ukiwa na siku kumi na nne. Mtu wa kwetu akisikia hivyo anajua kilichofuata. Siku hizo ni bamvua, maji yanajaa mpaka juu kabisa na kukupwa mpaka chini kabisa, na saa nne ndiyo hayapo. Idrisa, mwenye boti yetu, aliwaambia wangoje mpaka saa saba. Yule bwana akamwonyesha karatasi. "Kungoja kumeandikwa wapi?"

Wakaondoka. Boti ikakaa juu ya tope katikati ya njia, na jua lile. Mama wa watu akaona bora atembee, akashuka na viatu vyeupe, akazama magotini. Walifika kwetu saa nane, hakuna anayesema na mwenzake. Yule mama nilimwosha miguu mwenyewe. Kiatu chake kimoja kiko hukohuko mpaka leo. Asubuhi yake wakaondoka, na mjomba aliona haya wiki nzima.

"Tungewaandikia habari ya maji," nilisema siku ile.

"Nani asiyejua kwamba maji yanajaa na kukupwa?" Ashrafu akasema.

Na mjomba, mtu mpole, akanitazama kama nimemtukana mtu. "Mgeni hujampa hata tonge, unaanza kumhesabia taabu? Kwa adabu gani? Huko ni kumwambia asije."

Basi siku ile ya karanga, gari la Nyamisati lilikuwa halijajaa, na mimi kukaa najua. Aliyeamia ndege misimu sita anajua kukaa. Nikamwomba Swaumu karatasi ambazo hajazikunja, nikaziweka ukingoni mwa kikapu, nikatulia kutazama watu wanazifanya nini.

Jicho la kila mtu lilianza kwenye mnazi, likakaa hapo kidogo tu, kama unavyomtazama mtu anayepita. Halafu wakaigeuza. Nyuma kulikuwa na mnazi uleule kwa upande mwingine, na namba ya simu ya Ashrafu. Wakaigeuza tena mbele, kama mtu aliyeangusha kitu. Kisha basi, ikawa ya kujipepea joto. Dada mmoja alifutia benchi. Vijana wawili waliisoma kwa sauti, mmoja akasema, "Karibuni nyote," mwenziwe akamwuliza, "Nyote akina nani?" wakacheka wakapanda gari lao. Nilihesabu watu kumi na saba. Hakuna hata mmoja aliyeitia mfukoni.

Wa kumi na nane alikuwa mtu mzima kidogo, ana mkoba wa madaftari na vumbi la chaki kwenye mkono wa shati. Huyo aliigeuza mara tatu, kisha akairudisha mahali pake taratibu, kama mtu anayerudisha bidhaa dukani.

Nikajikaza. "Shikamoo mwalimu. Samahani, ulikuwa unatafuta nini humo?"

"Marahaba." Akanitazama, akaitazama karatasi. "Nilikuwa natafuta mlango, dada. Nimekaribishwa, lakini pa kuingilia sipaoni. Ni yenu?"

"Ni yetu."

"Haya niambie wewe. Mimi natoka hapa, nafikaje?"

"Gari mpaka Nyamisati. Gatini utamkuta Idrisa na boti, mwendo wa saa moja."

"Saa ngapi niwe pale?"

"Unataka kuja mwezi una siku ngapi?"

Akacheka. "Mwanamke, mimi najua Jumatatu na Ijumaa."

"Basi njoo mwezi ukiwa na siku saba au nane. Saa nne asubuhi maji yamejaa, njia yote inapitika. Ila hayo ni maji mafu, hayana nguvu, hayafiki kwenye ngazi yetu. Utatembea topeni hatua thelathini."

"Tope la kufika wapi?"

"La kifundoni. Njoo na viatu usivyovipenda. Ukipanda tu, kuna ndoo ya maji na kata, unanawa miguu, unapewa kahawa. Mchana wali wa nazi na kamba. Jioni maji yakikupwa nakupeleka kwenye mikoko, kuna visamaki vinatembea juu ya tope kama mijusi, vinagombana. Mbu wapo, lakini vyandarua vyetu havina tundu, navishona mwenyewe. Choo kiko nje, hatua kumi, kina taa."

Nilisema mfululizo, kama maji. Nikadhani nimeharibu.

"Mimi ni mzaliwa wa Umwe, hapo Ikwiriri," akasema. "Nafundisha hukohuko. Kila mwaka nachora mikoko ubaoni, na mkoko wenyewe sijawahi kuushika. Tuko walimu tisa tunatafuta pa kwenda siku mbili. Nikiwapelekea hii," akagusa maneno ya dhahabu, "wataniuliza maswali, nami sina jibu. Hayo uliyosema sasa hivi, niandikie. Mbona hamkuyaandika?"

Jina lake aliniambia ni Abdulswamadu. Alinipa namba yake, akapanda gari la Ikwiriri. Nami njia nzima mpaka Nyamisati nilikuwa nikiipanga ile karatasi kichwani.

Nikaiandika kwenye daftari, kalamu ya buluu, siku mbili. Siku ya tatu baada ya alasiri nikaisoma barazani. Mjomba alikuwa ameketi na tasbihi, Ashrafu na simu yake, na Bi Salima, mke wa mjomba, anapepeta mchele.

Nilipofika kwenye tope, mjomba akainua kichwa. Nilipofika kwenye mbu, akashika tasbihi isiende. Nilipofika kwenye choo, akasema, "Basi."

"Bado kidogo, mjomba."

"Sihaba. Unatutangazia choo?"

"Na font yenyewe ya mkono," Ashrafu akasema. "Kipeperushi lazima kivutie, bwana. Mtu aone kitu cha kumfanya aseme 'duh'. Wewe umeandika kama orodha ya kwenda hospitali kujifungua."

"Yule mama wa kiatu alisema 'duh' mara ngapi?" Bi Salima akauliza bila kuinua macho kwenye ungo.

Bi Salima akaweka ungo chini. "Mshamu, nikuulize. Arusi ya Mwanamina mwanetu, tulimtuma nani kwenda kualika Kiongoroni?"

"Huyu," mjomba akasema.

"Alikuwa na miaka mingapi?"

"Kumi na minne. Kumi na mitano."

"Kwa nini tulimtuma yeye, na wakubwa wapo?"

Jibu mjomba alilijua. Kwetu mwalishi ni mtu anayetumwa nyumba hadi nyumba kualika kwa mdomo, na hachaguliwi hivi hivi. Anatakiwa mtu asiyesahau na asiye na haraka.

"Sihaba, ulikwenda ukasema nini kule? Sema kama ulivyosema."

Niliona haya, lakini nikasema. Maneno yale hayatoki kichwani. "Bi Sharifa binti Mwinyimvua, hodi. Nimetumwa na mjomba Mshamu na Bi Salima. Unaitwa arusini kwa Mwanamina, Alhamisi. Njoo na maji ya asubuhi, ya jioni utayakosa. Teremkia kwenye mkoko uliokatwa, pana tope, nguo nzuri itie mfukoni uvae ukishafika. Atakayekupokea ni mimi mwenyewe, nitafunga kanga nyekundu. Utalala kwa Bi Salima, chumba cha uani, njoo na shuka. Wali upo, mbuzi wawili."

"Wakaja wangapi?" Bi Salima akamwuliza mumewe.

"Wote," mjomba akasema. "Mpaka yule mgonjwa."

"Ulimwona aliyenuna kwa kuambiwa tope?"

"Wale ni jamaa zetu, Salima."

"Na hawa unataka waje kama nani?"

Mjomba akavuta tasbihi punje tatu, nne. Nilizihesabu. "Ndani ya karatasi yako," akaniuliza, "mwito umeandika nyote?"

"Hapana, mjomba. Juu kabisa nimeacha mstari mtupu. Jina la mtu litaandikwa kwa mkono, mmoja mmoja. Mwalishi haiti nyote."

"Arobaini," akasema. "Fotokopi, si za dhahabu. Na pepo itoe. Tangu mwanzo lile neno lilinikaa vibaya."

Jambo jingine tuliloligombania ni picha. Ashrafu alitaka mnazi, kwa kuwa alishaupenda. Mimi nikasema tutie sura ya Idrisa, kwa sababu mtu akifika gatini, penye maboti kumi na makelele, kitu anachokitaka kwanza ni sura ya kuitafuta. Ashrafu alifikiri, akasema hilo si baya, na akaenda na simu yake kumpiga picha. Kumbe Idrisa alipoambiwa sura yake itapita Kibiti nzima, alirudi ndani akaoga, akatoka na kanzu ya Idi, kofia ya viua, na miwani ya jua ya mdogo wake.

"Idrisa, wewe kila siku uko na bukta na fulana ya mpira," nikamwambia.

"Ndiyo nionekane na bukta mbele ya watu wa serikali? Walimu hao, Sihaba."

Picha ilikwishapigwa. Karatasi ikatoka stesheneri ya Kibiti hivi:

*Ndugu ……………, unaitwa Salale, kwenye nyumba ya Mshamu iliyo ukingoni mwa maji. Njoo na maji ya asubuhi. Siku zenye maji mazuri ya saa nne ziko nyuma ya karatasi hii mpaka Ramadhani. Siku nyingine tupigie kwanza, tukwambie saa. Panda gari Kibiti mpaka Nyamisati. Gatini mtafute huyu, anaitwa Idrisa. Kuna tope la kifundoni, hatua thelathini. Vaa viatu usivyovipenda. Ukipanda ngazi utakuta maji ya miguu na kahawa. Utakula wali wa nazi na kamba. Mbu wapo na vyandarua vizima vipo. Choo kiko nje, kina taa. Jioni utaona samaki wanaotembea. Atakayekupokea ni mimi, Sihaba. Nitafunga kanga nyekundu.*

Tisa za kwanza niliandika majina yale aliyonitajia mwalimu kwenye simu, nikazituma Umwe kwa mkono wa dereva. Nyingine nikampa Swaumu pamoja na kalamu. "Umwulize mtu jina kwanza, umwandikie, ndipo umpe."

"Na karanga nifungie nini?"

"Za zamani si bado zipo?"

Wiki iliyofuata akanipigia simu. "Shoga, watu hawa wana mambo. Mtu ukishamwandikia jina lake hatupi. Anaikunja anaitia mfukoni, halafu ananiuliza, hivi hao samaki wanatembea kweli?"

Walimu walichagua Jumamosi, Shaabani ikiwa na siku saba. Na Jumamosi hiyohiyo, asubuhi, mnunuzi wa kamba akafika na fundi wake kupima vyumba. Hakuwa mtu mbaya. Alisimama barazani na futi ya chuma, anamwambia fundi kitanda hiki kitatoka, ukuta huu utavunjwa. Mjomba alimfuata nyuma mikono mgongoni. Mimi nilikuwa jikoni nakuna nazi ya watu tisa ambao sikuwa na hakika nao, na kila futi ile ikijikunja, paa!, naisikia.

Saa tano ikapita. Saa tano na nusu. Ndipo ikasikika injini.

Boti ilitokea kwenye kona ya mikoko, na wa kwanza kuonekana alikuwa Idrisa, amesimama nyuma kwenye usukani na kanzu nyeupe, kofia ya viua na miwani. Asubuhi ile gatini wenzake walikuwa wamemwuliza anamwoa nani. Angefanyaje? Karatasi ilikuwa imeshasema mtafute huyu. Na walimtafuta, tisa, kila mmoja ameshika karatasi yake, wanailinganisha na uso wake.

Nikafunga kanga nyekundu, nikashuka ukingoni.

Walivua viatu vizuri ndani ya boti wakavitia kwenye mifuko, wakavaa vibovu. Mmoja alikuja na kandambili za rangi mbili. Mwalimu mwanamke, mnene, mcheshi, akatia mguu topeni, akapiga ukelele, kisha akasema kwa sauti ya darasani, "Moja!"

Na wote wakaitikia. "Mbili! Tatu!"

Walikuja hivyo, wameshikana mikono, wanahesabu kama watoto wa chekechea. Mjomba akatoka barazani. Mnunuzi na fundi wakatoka. Walipofika ishirini na nane sauti zikapanda, ishirini na tisa, thelathini! Wakasimama. Ngazi ilikuwa bado mbele.

"Binti wa kanga nyekundu!" yule mwalimu akaniita. "Thelathini imekwisha, ngazi iko wapi?"

Wakaendelea, wanacheka mpaka wanayumba, na mguu wa yule mwalimu ulipogusa ngazi ikawa thelathini na nne.

"Umetudhulumu hatua nne," akasema. "Kahawa yangu vikombe viwili."

Nikamwagia maji miguuni. Nikaona kosa langu pale pale. Zile hatua nilizihesabu kwa miguu yangu, na mimi tope nimelizoea, natupa mguu mbali. Wao walikuwa wanaweka mguu mbele ya mguu, wanapapasa.

Mwalimu Abdulswamadu hakupanda na wenzake. Alikuwa amebaki chini pembeni, ameweka kiganja juu ya mzizi wa mkoko, amekiacha hapo tu.

Nyuma yangu nilimsikia mnunuzi akimwambia mjomba, "Mzee, sasa hawa watalala vyumba vipi, na mimi napima?"

"Watalala humo unamopima," mjomba akasema. "Nimekupotezea asubuhi, nisamehe. Ghala la Mwinyimvua liko tupu, nitakupeleka mwenyewe. Lakini kula kwanza, wali ni wa nazi."

Kisha akaenda kukaa katikati ya wageni, na mtu yule aliyeogopa kutaja tope nikamsikia akiwaambia, tena kwa majivuno, "Na mbu wetu, walimu wangu, karatasi imewapunguzia. Ngojeni magharibi." Walimu wakacheka, Bi Salima akacheka zaidi.

Mchana, walipokuwa wanakula na jiko limetulia, nikatoa karatasi zilizobaki. Nikakaa kwenye kizingiti, nikaanza kukata ile thelathini moja baada ya moja na kuandika thelathini na nne juu yake.

Mjomba akapita na sahani tupu, akasimama, akatazama kalamu yangu inavyokwenda.

"Andika arobaini," akasema. "Kuna wenye miguu mifupi kuliko hawa."

"Nitaandika walizohesabu, mjomba."

"Haya," akasema, akaniletea sahani niongeze kamba.